Muulize Mama Nesi: viroba vya nguo, mfuko wa karanga na mbuzi wa Longido

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi huu meseji zenu nyingi zimekuja na jambo moja, njaa, wakimbizi, watu waliohamishwa na maji au vita na magonjwa yanayowafuata hukohuko walikokimbilia, labda ni zile picha za Sudan zinazozunguka kwenye simu, ila kwa kweli nimefurahi mnauliza. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mi ni nesi mstaafu, nakaa Rau hapa Moshi, 1994 nilikuwa Ngara kule kambi ya Benaco na 2015 nikaitwa tena Kigoma. Kwa hiyo mengine najibu kwa niliyosoma na mengine kwa niliyoyaona.

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Sisi ni akina mama 24 wa Majengo, Moshi, tuna kikoba chetu. Maporomoko ya Hanang yalipotokea tulikusanya nguo tukajaza viroba 11 tukapeleka. Baadaye mdogo wangu aliyekuwa anajitolea kule akaniambia viroba vingi vilikaa ukumbini wiki na wiki bila kufunguliwa. Niliumia sana. Sasa tunataka kuchangia wakimbizi wa Kasulu na kikundi kimegawanyika, nusu wanataka nguo tena pamoja na maziwa ya kopo ya watoto wachanga, nusu wanasema tutume hela. Tufanyeje? (Katibu wa kikundi, Majengo)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni wote. Kwanza hilo jiwe litoe moyoni, huruma yenu haikuwa kosa, mlichokosa ni mtu wa kuwaambia kule kinatakiwa nini, na hamkuwa peke yenu maana Moshi nzima na Arusha nzima tulikusanya hivyohivyo.

Mi nilifika Katesh siku ya nne na gari la kanisa. Mnakumbuka ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe na magogo yakashuka kutoka mlima Hanang yakapita Gendabi na Jorodom mpaka Katesh mjini, watu zaidi ya 80 wakafa. Kwenye darasa moja walikolala waathirika nikamkuta mama amekaa pembeni ya rundo la nguo alizopewa, makoti matatu ya baridi, suruali ya suti ya mwanaume, na kiatu kimoja cha kisigino kirefu, cha kushoto, cha kulia hakipo. Nikamuuliza, mama umepata kila kitu? Akanivuta karibu akaniambia kwa sauti ya chini ili wanaume wasisikie, "nesi, chupi sina, na niko kwenye siku zangu". Sufuria hana. Ndoo hana. Chepeo la kutolea tope nyumbani kwake hana, na mumewe anachimba kwa mikono. Nililia kwenye gari mpaka tunafika Babati.

Sasa elewa kinachotokea kiroba kikifika. Lazima mtu akifungue, achambue ya watoto na ya wakubwa, atoe iliyochanika, aikunje, aitafutie mahali pakavu, na huyo mtu ndo yuleyule ambaye saa hiyo angekuwa anagawa maji au anaandika majina ya waliopotelewa na watoto. Gari lililobeba viroba 11 lingeweza kubeba ndoo au dawa. Na nyie wa Moshi mitumba mnaijua vizuri sana, mnajua pale Memorial nguo inauzwaje, piga hesabu ya nauli ya kiroba kimoja mpaka Katesh halafu niambie kama ile nguo hainunuliki Katesh kwenyewe kwa hela ndogo kuliko nauli. Tena yule mama wa mitumba wa Katesh na yeye meza yake imezolewa na tope! Ukimpa mwathirika hela mkononi anaenda kununua kwa huyo mama, mmesaidia wawili kwa shilingi moja, na muhimu kuliko vyote mwathirika kachagua mwenyewe, mwenye kukosa chupi kanunua chupi, mwenye kukosa chepeo kanunua chepeo. Siku hizi hata mashirika makubwa, WFP (lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) na wenzao, sehemu nyingi wanatoa hela kupitia simu au kadi badala ya magunia, kwa sababu hiyohiyo.

Lakini hela nayo ina mahali inapokwama, na hapa nusu ya kikundi chako wanaotaka vitu wasikilizwe. Mwezi wa tano 2015 Warundi walipokimbia walifika Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika kimebanwa na mlima, njia ya maana ya kutoka ni ziwa, wakajaa makumi elfu pale ufukweni. Ungempa mtu laki moja pale angenunua nini? Maji safi hakuna, vyoo hakuna, duka limeisha siku ya kwanza. Kikaingia kipindupindu kikaua watu wapatao 30 kabla hawajamalizwa kuhamishwa kwa meli, ile Liemba yetu ya zamani ikipiga safari kwenda Kigoma mjini na kurudi. Pale kilichohitajika ni maji, dawa, vyoo na meli. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni moja, soko lipo na lina vitu? Kama lipo peleka hela, kama halipo peleka kile walichotaja wenyewe.

Kasulu sasa. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, imepokea Wakongo na Warundi, na watu pale wanaishi kwa mgao. Kwenye karatasi mgao ulipangwa kumpa mtu kalori 2,100 kwa siku, ila katikati ya 2023 hela za wafadhili zilipungua mgao ukakatwa mpaka nusu. Na hata mgao kamili una siri yake. Benaco niliona mama anapokea mahindi yake kwa kopo, punje, sio unga, halafu hapohapo anapima sehemu anamuuzia mchuuzi ili apate hela ya mashine ya kusaga na chumvi kidogo. Watu wakisikia wakimbizi wanauza msaada wanasema hao wameshiba, mi nakwambia yule mama alikuwa anauza chakula ili aweze kula chakula, maana mahindi makavu utayatafunaje na kuni zenyewe za kuchemshia huna? Ukijua hilo ndo unaelewa kwa nini hela kidogo mkononi ni kitu kikubwa sana kambini.

Maziwa ya kopo msipeleke, tafadhali sana, hata moja. Najua mnawaonea huruma watoto lakini fikiria kambini, maji yana wasiwasi, kuni hakuna za kuchemshia chupa, kopo likiisha hakuna lingine, na yule mama akishaanza kumpa kopo maziwa yake mwenyewe yanapungua kwa sababu mtoto hanyonyi. Kopo linaisha, titi limekauka, mtoto anaharisha. Tangu 1981 upo mwongozo wa kimataifa unaobana ugawaji wa maziwa haya, na kwenye dharura wataalamu wanakataa kabisa kuyapokea kama zawadi za jumla. Mtoto asiye na mama hutafutiwa anayemnyonyesha, au hupewa maziwa hayo chini ya macho ya mhudumu. Kama unataka kumsaidia mtoto mchanga mlishe mama yake.

Nawashauri hivi, mtume mmoja wenu aongee na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, wapo tangu 1962 na makambini wapo, aulize saa hizi kinapungua nini. Msifunge safari wenyewe maana kambini hapaingiliki bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, mtaishia getini na mizigo. Hela mtakayotoa mdai risiti na mwezi mmoja baadaye mpige simu muulize ilifanya nini, sio ubishi hiyo, ni haki yenu. Na kama wale wa upande wa pili roho yao haitulii mpaka washike kitu, basi kitu kiwe kipya na kiwe cha aina moja, pedi, au chupi mpya za saizi tofauti, au ndoo zenye mfuniko, au sabuni ya mche. Sabuni haipewi heshima yake jamani. Viwango vinasema gramu 250 za kuogea kwa mtu kwa mwezi na 200 za kufulia, na mara nyingi ndo kitu cha kwanza kukosekana.

SWALI: Habari Mama. Mwanangu ana mwaka na nusu ni mwembamba sana. Jirani yangu mwanae alipewa kliniki vile vifuko vya karanga vinavyopewa watoto wa njaa, sasa ananiuzia viwili viwili. Je nimnunulie? Na vina tofauti gani na siagi ya karanga ya dukani? (Baba wa mtoto, Usa River)

JIBU: Usinunue baba, na kesho asubuhi mpeleke mtoto kituo cha afya.

Kile kifuko kina gramu 92 na kina kalori 500 ndani, ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, na vitamini na madini vilivyopimwa. Kilitengenezwa Ufaransa 1996 na daktari André Briend na mwenzake Michel Lescanne, na kwetu manesi kilibadilisha maisha. Kabla yake mtoto mwenye utapiamlo mkali alitibiwa kwa maziwa maalumu yanayokorogwa kwa maji, kwa hiyo lazima alazwe, mama analala chini ya kitanda wiki na wiki, nyumbani kaacha wengine wanne, na wodini watoto wanaambukizana. Hiki hakikorogwi na maji, hakipikwi, hakitaki friji, mtoto anakinyonya mwenyewe nyumbani huku mama yupo shambani. Siagi ya dukani haina yale maziwa wala yale madini, ni chakula kizuri lakini sio dawa.

Ubaya wa kununua viwili viwili ni kwamba matibabu ni wiki nyingi, mtoto mmoja humaliza kama katoni nzima ya vifuko 150. Viwili havimtibu wako, na wa jirani vimepungua. Jirani naye usimseme vibaya mbele za watu, pengine ana shida ya hela ya kodi, mpeleke mzungumze na nesi.

Kituoni watamzungushia mwanao ule utepe wa rangi kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59 ikisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hiyo ni hatari, 11.5 mpaka 12.5 ni njano, kuzidi hapo kijani. Watambonyeza miguu yote miwili pia, kama kidole kinaacha shimo hiyo ni dharura hata kama mtoto anaonekana mnene. Na akikutwa yuko nyekundu usikimbilie kumshindilia mayai na nyama siku ileile kwa mapenzi, mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa moyo unaweza kushindwa, ndo maana wodini wanaanza na maziwa mepesi kidogokidogo. Nirudishie majibu baba, nitakuwa nasubiri.

SWALI: Mama Nesi mambo vipi, shikamoo. Bibi yangu anasema mtu anayeharisha sana asinywe maji maana ndo unazidisha. Mi nimesikia kambini kipindupindu kinatibiwa kwa maji ya chumvi tu, ni kweli au ni stori za kijiweni? (Dereva boda, Ngarenaro)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Bibi mheshimu kwa mengine yote, hili mwambie Mama Nesi kakataa.

Kipindupindu hakiui kwa sumu ya ajabu, kinaua kwa kukausha. Mgonjwa anatoa kinyesi kama maji ya kuoshea mchele, mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, asubuhi alikuwa anatembea na jioni macho yamezama, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, sauti imekauka. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifika Goma upande wa Zaire, na ndani ya mwezi mmoja hivi kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu wanaokadiriwa 50,000. Kwetu Benaco Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka mpaka wa Rusumo kwa siku moja mbili tu mwezi wa nne mwaka huohuo, na kila asubuhi tulikuwa tunaamka na hofu hiyo moja, maji, maji, maji.

Hayo maji ya chumvi yana historia. 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni kuingia India, na pale Bangaon mpakani daktari Dilip Mahalanabis alikuwa na vyumba viwili vimejaa wagonjwa, sakafu imelowa matapishi na kinyesi, na dripu zinakaribia kuisha. Akaamua, sukari na chumvi na magadi kidogo vipimwe kwenye vifuko, vikorogwe kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa kikombe. Vifo vilikuwa vinakaribia 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka mpaka chini ya 4. Siri ni kwamba utumbo unaoharisha bado unaweza kufyonza chumvi kama ikiingia pamoja na sukari, na chumvi ikiingia maji yanaifuata. Chumvi tupu haifanyi kazi hiyo, soda nayo haifai.

Pakiti ya ORS ya dukani, yaani hiyohiyo sukari na chumvi iliyopimwa tayari, ndo bora, bei rahisi, kaa nazo mbili kwenye hiyo pikipiki yako. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, koroga, onja, isizidi chumvi ya machozi. Kunywa kidogokidogo, akitapika subiri dakika 10 uanze tena, kesho yake mwaga utengeneze mpya. Mtoto aendelee kunyonya na apewe zinki siku 10 mpaka 14. Ila mtu aliyelegea hawezi kunywa, hakojoi, huyo ni dripu, na hapo ndo boda yako inapookoa mtu kuliko mimi, mkimbize hospitali huku mtu wa nyuma anamshikilia na kumnywesha njiani kama bado anameza.

SWALI: Yeyo shikamoo. Mi ni mfugaji, natokea Longido. Ule ukame mkubwa wa 2009 nilikuwa kijana, baba yangu alibaki na ng'ombe 6 kutoka zaidi ya 80. Kila siku nilijiuliza kitu, sokoni Namanga mahindi yalikuwepo na Arusha yalikuwepo, sasa sisi njaa ilitoka wapi? (Mfugaji, Longido)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole ya zamani haiozi, pole sana. Swali lako ni zito na ndo swali ambalo mchumi mmoja wa India, Amartya Sen, alilibeba tangu utotoni, alikuwa mvulana wa miaka tisa kumi hivi njaa ya Bengal ya 1943 ilipoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3, akaja akaonyesha kwamba chakula kilikuwepo, ila vibarua na wavuvi hawakuwa na uwezo wa kukinunua maana bei ilipaa na kazi zao zikakosa thamani. Alipewa Nobel ya uchumi 1998.

Ya baba yako ni hiyohiyo kwa lugha ya mbuzi. Mwaka mzuri mfugaji anapeleka mbuzi mmoja mnadani anarudi na gunia, watoto wanakula. Mvua ikikosa, majani yanaisha, kila boma linataka kuuza kwa wakati mmoja kabla mifugo haijafa, kwa hiyo bei ya mbuzi inaanguka, na mahindi nayo hayakuota vizuri kwa hiyo bei yake inapanda. Tuseme sasa mbuzi watatu hawalipi gunia moja. Mahindi yapo palepale Namanga umeyaona kwa macho, lakini mbuzi wako hafiki. Mnyama mwenyewe saa hiyo ana mifupa tu. Mwaka huo nilipita Longido na gari la chanjo alfajiri, nikawaona vijana watatu wanamnyanyua ng'ombe, mmoja kashika mkia wawili wamempitisha mti chini ya tumbo, wanamsimamisha maana akilala mpaka jua litoke haamki tena, wakimaliza huyo wanaenda kwa mwingine, na mzee amesimama pembeni haongei. Ukimletea huyo mzee kilo 20 za unga unamshukuru Mungu, watoto watakula, lakini hujagusa ugonjwa wake.

Msaada unaomfaa mfugaji ni wa mapema, mifugo inunuliwe ikiwa bado ina nyama ili apate hela ya maana, majani na maji yaletwe kwa wale mama wa mbegu, chanjo zipigwe kabla mnyama hajadhoofika. Baadaye serikali iligawa ng'ombe wa kifuta machozi kwa wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliopoteza kila kitu, na walioupata walishukuru, ila ng'ombe anayeokolewa mwezi wa sita ni rahisi kuliko anayenunuliwa upya miaka ya mbele.

Na kuchelewa kunaua watu pia, sio mifugo tu. Somalia Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011, onyo lilikuwa limetolewa miezi mingi kabla. Utafiti uliofuata ulikadiria vifo karibu 260,000, nusu yao watoto chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wameshafariki kabla ya tangazo lenyewe. Neno "baa la njaa" kitaalamu linasubiri mpaka kaya 20 kwa kila 100 ziwe hazina chakula kabisa, watoto 30 kwa kila 100 wawe na utapiamlo wa kudhoofika, na watu 2 kwa kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Ukisikia limetangazwa, ujue makaburi tayari yapo. Wewe mfugaji unaisoma nchi kabla ya sisi wote, ukiona mbuzi wawili hawalipi gunia Namanga piga kelele hapohapo, kwa diwani, kwa afisa mifugo, na mniandikie na mimi.

SWALI: Mama Nesi nakuheshimu lakini hili linaniudhi. Hapa Arusha kuna watoto wanalala njaa Unga Limited, nyie kila siku wakimbizi wakimbizi. Wanalishwa bure miaka 20, si warudi kwao? (Mlipakodi, Sakina)

JIBU: Ndugu yangu umesema ukweli kuhusu Unga Limited na sitabishana, mtoto wa pale ana haki ya sahani yake leo. Ninachokataa ni kwamba sahani yake imechukuliwa na mkimbizi.

Hilo la kulishwa bure, sheria yetu inamtaka mkimbizi akae ndani ya kambi, kutoka anahitaji kibali, kwa hiyo mtu mwenye mikono na nguvu na ufundi anakaa anasubiri kopo la mahindi. Nimemjua fundi cherehani Benaco aliyekuwa analia kwa kukosa kazi. Na tunajua kitu kingine kinawezekana kwa sababu tulishakifanya wenyewe, Warundi waliokuja 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, katikati ya miaka ya themanini walikuwa wanajilisha na wanalipa kodi kama wewe, na 2014 tukawapa uraia watu kama 162,000. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi.

Kurudi kwao, ndiyo, wengi ndo wanachokiota usiku. Lakini mtu harudi palipomfukuza mpaka pawe pametulia, na kutuliza ni kazi ambayo mji wako umeifanya, Mwalimu aliisimamia mpaka alipofariki 1999, Mandela akaipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 makubaliano ya amani ya Burundi yakasainiwa hapohapo Arusha, kilomita chache kutoka hapo Sakina. Baada ya hapo Warundi kwa maelfu walipakia masufuria yao wakarudi. Niliwaona 2015 baadhi yao wanavuka tena, na mwanamke mmoja alikuwa na kadi ile ya zamani ya mgao ameitunza kwenye nailoni miaka yote. Nikamuuliza kwa nini hukuitupa? Akasema sikuamini.

Unga Limited nakuahidi toleo lijalo, niandikie unachokiona.

SWALI: Shikamoo mama, nimemaliza diploma ya maabara sijapata kazi, natamani kujitolea kambini. Naanzia wapi? (Kijana, Njiro)

JIBU: Marahaba. Anzia tawi la Msalaba Mwekundu mkoani kwako, jiandikishe, chukua mafunzo ya huduma ya kwanza, uonekane kwenye mafuriko ya hapahapa kabla ya kuomba Kigoma. Huku unasubiri jifunze yasiyo ya maabara, maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, jinsi ya kupima klorini kwenye ndoo, maana siku ya kwanza kambini hakuna atakayekuuliza darubini. Jifunze na Kirundi cha salamu, ukimwambia mzee "amahoro" uso wake unafunguka. Beba gamubuti na tochi yenye betri za ziada, Kasulu mvua ikianza barabara inakuwa tope jekundu na usiku ndo wagonjwa wengi wanaletwa.